MWALIMU ALIYEAMBIWA "SUBIRI NYUMBANI"

Anayetaka kuujua mwaka wa shule isiyo ya Serikali katika viunga vya Dar es Salaam asianzie darasani. Aanzie kwenye dirisha la karani wa ada, mapema mwezi Januari, saa moja ya asubuhi. Hapo ndipo mwaka unapozaliwa. Mzazi ana stakabadhi ya benki mkononi, mwingine hana stakabadhi ila ana maelezo marefu, na mtoto kasimama kando, sare mpya ikimpwaya mabegani ili imfae na mwakani. Mkono wa kulia, ukuta umepakwa rangi upya na jina la shule limeandikwa kwa herufi zinazoonekana kutoka barabarani. Ndivyo ilivyo Chamazi, Mbagala na Toangoma upande wa Temeke, na ndivyo ilivyo Tegeta, Boko na Bunju upande wa Kinondoni. Kabla jogoo hajawika mara ya pili, magari ya shule yamekwisha kuanza kuzungukia mitaa, yakiwakusanya watoto wenye usingizi.

Mwandishi wa makala haya naye amepanga foleni kwenye dirisha la namna hiyo. Binti yangu alianza darasa la awali Januari 2020, katika shule moja ya viungani ambayo sitaitaja jina, maana ninayotaka kuyasema hayaihusu hiyo peke yake. Mwaka ule ulianza kama miaka mingine, ukageuka kuwa mwaka ambao shule hizi zilivuliwa nguo hadharani. Bahati mbaya, tulipomaliza kuona tulichokiona, tulifumba macho tena.

Lakini kwanza tuelewane kuhusu shule hizi zimetoka wapi, kwa sababu wapo wenzetu wanaozizungumzia kana kwamba ziliota jana pamoja na maghorofa. Baada ya Azimio la Arusha na falsafa ya Elimu ya Kujitegemea, zote za mwaka 1967, Taifa liliamua kuwa mlango wa shule usifunguliwe kwa ufunguo wa dini wala wa rangi. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ikaziweka mikononi mwa umma shule za misheni na za jumuiya zilizokuwa zikipata ruzuku. Ile iliyokuwa shule ya Aga Khan mjini Dar es Salaam, vijana wa leo wanaijua kwa jina la Tambaza tu. Ikaja Musoma mwaka 1974, na kuanzia mwaka 1977 elimu ya msingi ikawa ya wote. Matokeo yake yalikuwa ya heri, ila yalizaa swali gumu: watoto hawa wote wakimaliza darasa la saba, waende wapi? Sekondari za Serikali zilikuwa chache mno. Wazazi hawakungoja jibu. Walichangishana, wakajenga kwa kupitia Jumuiya yao ya Wazazi, kwa kupitia makanisa na misikiti, kwa kupitia wilaya zao, hata ikafika mwishoni mwa miaka ya 1980 sekondari zisizo za Serikali zikawa nyingi kuliko za Serikali. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 ikaufungua mlango zaidi, na shule za msingi zinazofundisha kwa Kiingereza zikaanza kuchipua viungani kama uyoga baada ya masika.

Kwa hiyo shule hizi si adui. Zimebeba mzigo ambao ni wa Taifa. Na hiyo ndiyo sababu anayeubeba mzigo huo kwa mikono yake, yaani mwalimu, anastahili kutazamwa na Taifa na si na mwenye shule peke yake.

Turudi kwenye mwaka 2020. Januari na Februari zilikwenda vizuri. Kulikuwa na kikao cha wazazi, ambamo tulizungumza kwa saa nzima juu ya gari la shule na kwa dakika tano juu ya masomo. Tarehe 16 Machi ikatangazwa kuwa mgonjwa wa kwanza wa korona amepatikana nchini. Kesho yake Waziri Mkuu, Ndugu Kassim Majaliwa, akatangaza kuwa shule zote, kuanzia awali hadi kidato cha sita, zifungwe kwa siku 30. Siku 30 zilipokwisha, tukaambiwa tungoje zaidi. Wanafunzi wa kidato cha sita walirudi tarehe 1 Juni. Waliosalia, na binti yangu akiwamo, walirudi tarehe 29 Juni. Ukipiga hesabu utaona kuwa lango lilifungwa kwa siku zaidi ya mia moja.

Uamuzi wa kufunga ulikuwa wa lazima, wala simlaumu mtu. Ninalotaka tulitazame ni kilichotokea nyuma ya malango yaliyofungwa.

Shule ya Serikali ilipofungwa, mwalimu wake alikwenda nyumbani na mshahara wake ukamfuata huko huko, tarehe ile ile. Ndivyo inavyostahili. Mtumishi wa wizara, wa halmashauri, wa mamlaka hii au ile, naye hakukatwa hata senti. Lakini mwalimu wa shule binafsi mshahara wake hautoki Hazina. Unatoka kwenye lile dirisha la karani wa ada. Na Aprili ile dirisha lilikuwa tupu.

Kwa nini lilikuwa tupu? Kwa sababu sisi wazazi tulikaa kitako tukaamua kwamba mtoto asiyesoma halipiwi. Ukiitazama haraka ni hoja safi kabisa, kama hesabu ya duka: hakuna bidhaa, hakuna fedha. Nakiri mbele ya wasomaji kwamba nami niliitumia. Nilikuwa na fedha ya awamu ya pili ya ada, nikaiweka, nikasema nitailipa shule itakapofunguliwa. Niliona nimefanya busara. Katika kundi la wazazi kwenye simu tulipongezana. Mmoja wetu, mtumishi mwenye cheo kisichokuwa kidogo, aliandika kuwa "shule zimezoea kutunyonya". Kati ya walioitikia kwa furaha sikumwona hata mmoja aliyekosa mshahara wa mwezi ule.

Mwalimu wa binti yangu alikuwa dada mmoja mwenye stashahada ya ualimu, mpole, mwenye sauti ambayo watoto wa miaka mitano huitii bila kuogopa. Katika shule hizi mwalimu wa awali ndiye mwenye mshahara wa chini kuliko wote, na ndiye aliyetangulia kuachwa. Walimu wa madarasa ya mitihani walau walitumiwa kutuma mazoezi kwa simu, na Taasisi ya Elimu ilitayarisha vipindi vya redio na televisheni. Lakini mtoto wa awali utamfundisha nini kwa simu? Kushika kalamu? Dada yule aliitwa ofisini, akaambiwa kwa mdomo maneno mawili: "Subiri nyumbani."

Mwezi Mei nilimkuta Mbagala Rangi Tatu, ameketi kwenye kigoda mbele ya karai la vitumbua. Alinisalimu kwa heshima ile ile, "Shikamoo, baba," kama kwamba tumekutana kwenye lango la shule. Akauliza mtoto hajambo, anaendelea kuandika herufi? Nilinunua vitumbua vingi kuliko tulivyoweza kula. Ada yake nilikuwa nayo mfukoni, nami nikamlipa kwa kununua vitumbua.

Maneno yale mawili yanahitaji kuchambuliwa, kwa maana ubaya wake umejificha. Nchi yetu ina Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004. Inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi. Inasema mwajiri anayetaka kupunguza watu kwa sababu za uendeshaji atoe taarifa mapema, aeleze sababu, ashauriane nao au na chama chao. Inasema aliyefanya kazi mwaka mmoja au zaidi akiachishwa kwa namna hiyo alipwe kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku saba kwa kila mwaka aliotimiza, hadi miaka kumi. Mfuko wa NSSF nao, tangu mageuzi ya mwaka 2018, una fao la kukosa ajira kwa mwanachama aliyeachishwa akiwa ametimiza masharti ya michango. Kwa hiyo anayeachishwa kazi kwa barua ana pa kushika.

Je, aliyeambiwa "subiri nyumbani" ana nini? Hakuachishwa, basi hana kiinua mgongo. Hayuko kazini, basi hana mshahara. Mfuko hauwezi kumlipa kwa sababu kwa kumbukumbu zake bado ana mwajiri. Afisa kazi hawezi kumsikiliza kwa sababu hana karatasi. Amening'inia, hajaanguka wala hajasimama. Na mwenye shule hajavunja sheria kwa namna ambayo mtu anaweza kuinyooshea kidole, kwa sababu hakuandika kitu. Sheria nzuri ya kurasa nyingi ilipinduliwa na maneno mawili yaliyosemwa mlangoni.

Wapo watakaosema kwamba walimu hao wangedai haki yao. Kwa barua gani? Wengi wa walimu wa viungani huanza kazi Januari kwa kuitwa kwa simu, wakaonyesha cheti, wakapewa chaki na azimio la kazi, mkataba "utaandaliwa". Januari inapita, Pasaka inapita, mkataba bado unaandaliwa. Amri ya mishahara ya mwaka 2013, ambayo ndiyo iliyokuwa ikitumika mwaka 2020, ilizitaja shule binafsi kwa jina na kuziwekea kima cha chini cha shilingi 140,000 kwa mwezi. Kiwango hicho kimepandishwa tangu wakati huo. Lakini kima cha chini kina faida gani kwa mtu ambaye hakuna mahali palipoandikwa kwamba ameajiriwa? Na mchango wa NSSF, asilimia 20 ya mshahara, ambao mwajiri haruhusiwi kumtwisha mfanyakazi zaidi ya nusu yake, utapelekwa kwa jina la nani?

Haki inanitaka niseme pia upande wa pili. Si kila mwenye shule ni bwanyenye. Wapo walimu wastaafu waliotia kiinua mgongo chao chote katika vyumba vinne vya matofali huko Chamazi au Mabwepande, wakakopa benki kwa ajili ya gari moja la shule, na benki haikufunga lango lake Machi 2020. Mmoja wao aliniambia kuwa katika miezi ile aliuza kiwanja ili walimu wake wapate nusu mshahara. Chama cha wamiliki na mameneja wa shule na vyuo visivyo vya Serikali, TAMONGSCO, kilipaza sauti juu ya hali hiyo. Yote hayo ni kweli. Lakini mwenye shule aliyeuza kiwanja na yule aliyezima simu wote wamesajiliwa kwa cheti cha aina moja, na tarehe 29 Juni wote walifungua malango yao kwa tabasamu la namna moja.

Tarehe ile nilimpeleka binti yangu. Langoni palikuwa na ndoo za maji tiririka na sabuni, na mlinzi mwenye barakoa iliyoshuka kidevuni. Ratiba iliongezwa saa ili kufidia muda uliopotea. Kulikuwa na mwalimu mpya wa awali. Binti yangu alimtazama, akanitazama mimi, akauliza: "Mwalimu wangu yuko wapi?" Nilimwambia amehama.

Miezi iliyofuata ilikwenda kwa mbio za mitihani. Darasa la saba lilifanya mtihani wake tarehe 7 na 8 Oktoba, na matokeo yalipotoka, shule zilitundika mabango ya wastani wa A na picha za watoto waliofaulu. Mwaka huo huo Serikali ilitangaza nafasi za walimu wapatao 13,000. Nani angewalaumu walimu wa shule binafsi kwa kukimbilia huko, muhula ukiwa katikati? Wamiliki walilalamika kwamba walimu hawana uaminifu. Uaminifu kwa nani, ndugu zangu? Mtu uliyemwambia asubiri nyumbani bila barua, unamtaka aage kwa barua?

Desemba kulikuwa na mahafali ya awali. Watoto walivaa majoho madogo na kofia, wakaimba, wazazi wakapiga picha. Mkurugenzi alisoma taarifa ya mwaka: vyumba viwili vipya, gari moja jipya, ongezeko la wanafunzi linalotarajiwa. Juu ya korona alisema kuwa "tumevuka salama". Tulipiga makofi. Katika taarifa ile ya kurasa nne hapakuwa na neno hata moja juu ya walimu walioondoka.

Huenda msomaji akauliza kwa nini nafukua kaburi la mwaka 2020. Nafukua kwa sababu kuna mwaka mwingine unaokuja ambao haukuletwa na ugonjwa bali umeandikwa kwenye sera, na kila mwenye macho anaweza kuusoma mapema.

Mitaala mipya ilianza Januari 2024. Waliokuwa darasa la tatu mwaka huo wataishia darasa la sita, na waliokuwa darasa la nne wataendelea hadi la saba kwa mpango wa zamani. Makundi haya mawili yatamaliza pamoja mwaka 2027. Binti yangu, yule aliyeulizia mwalimu wake, yumo katika kundi la mwisho la darasa la saba. Mazungumzo yote ninayoyasikia maofisini ni juu ya sekondari: watoto wa madarasa mawili wataingia kidato cha kwanza kwa pamoja Januari 2028, vyumba vitatoka wapi, madawati yatatoka wapi. Ni maswali ya haki, na mageuzi yenyewe nayaunga mkono kwa moyo wote.

Lakini nani amepiga hesabu ya shule ya msingi inayoishi kwa ada? Tuchukue shule ndogo ya mkondo mmoja, madarasa saba yenye watoto 40 kila moja. Ina watoto 280. Mwisho wa mwaka 2027 watatoka watoto 80 kwa siku moja, na Januari wataingia 40. Itabaki na watoto 240 katika madarasa sita, wala pengo hilo halitazibwa mwaka unaofuata, kwa sababu darasa la saba halitakuwapo tena. Sehemu moja ya saba ya ada ya shule ya msingi itakuwa imeondoka moja kwa moja. Mwenye shule atapunguza nini? Hatapunguza mkopo wa benki. Hatapunguza mafuta ya gari. Walimu wa darasa lisilokuwapo wataitwa ofisini mmoja mmoja, wala sina haja ya kuwaambia wasomaji watakayoambiwa.

Mambo mengine tunaweza kuyafanya mapema, na hayahitaji sheria mpya. Wathibiti Ubora wa Shule wanapoingia katika shule binafsi hutazama vyumba, vyoo, vifaa na maandalio ya masomo. Waombe pia jalada moja zaidi, lenye mkataba wa kila mwalimu na stakabadhi za NSSF za miezi ya karibuni. Shule isiyokuwa na jalada hilo ihesabiwe kuwa na upungufu sawa na shule isiyokuwa na vyoo. Ofisi za kazi za Temeke, Kinondoni na Ubungo ziwe na orodha ya shule hizo na zizipitie, badala ya kungoja mwalimu mmoja jasiri aje kulalamika. Wamiliki nao waanze sasa kutenga akiba kutoka kila awamu ya ada, walau ya mishahara ya miezi miwili, na iandikwe katika taarifa wanayotusomea Desemba. Katika sekondari watahitajika walimu zaidi mwaka 2028, hilo ni dhahiri. Mwalimu wa shule ya msingi mwenye sifa ya kuongeza masomo aambiwe leo, angali ana muda wa kujiendeleza.

Na sisi wazazi? Sisi ndio wenye neno kubwa kuliko tunavyojidhania. Wengi wetu ni watumishi wa umma. Tunajua tofauti ya kazi yenye barua na kazi isiyo na barua, kwa sababu hakuna hata mmoja wetu ambaye angekubali kukaa siku moja ofisini bila barua yake ya ajira. Twaulizia rangi ya gari la shule, twaulizia mtoto atakula nini saa nne, twaulizia kama mwalimu anasema Kiingereza. Hatuulizi kama analipwa.

Katika kikao cha wazazi kilichopita niliuliza. Nilisimama nikamwomba meneja atueleze ni walimu wangapi wa shule ile wana mikataba iliyotiwa sahihi, na ni mpango gani uliopo kwa ajili ya Januari 2028. Ukumbi ulikuwa kimya kidogo. Mzazi mmoja nyuma yangu alinong'ona kuwa hayo ni mambo ya ndani ya shule. Walimu walikuwa wamesimama ukutani, mikono nyuma, na hakuna aliyenitazama. Meneja aliandika swali langu katika daftari lake, akasema litajibiwa kikao kijacho. Kisha tukaendelea na ajenda iliyofuata, ambayo ilikuwa nauli ya gari la shule.